Mraba wa Kijivu

Mzee hakuisubiri karatasi itoke. Alibonyeza kitufe, akahesabu kimoyomoyo, na karatasi ikiwa bado safarini tumboni mwa mashine akaufungua mlango wa mbele kwa ghafla. Kila kitu kikaganda. Akaichomoa dramu taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto mchanga kwenye mbeleko, akaielekeza kwenye mwanga hafifu wa uchochoroni, akaiinamia. Juu ya ngozi yake ya kijani maneno yalikuwa yamelala kinyumenyume, nusu yameshahamia kwenye karatasi, nusu bado yapo.

"Maandishi yapo," akasema, "tena yamekolea. Tona imefanya kazi yake. Yanapotea njiani, wakati wa kuhamia."

Kabla hajaimaliza sentensi alikuwa ameshaifunika dramu kwa kitambaa cheusi. Akaenda kwenye kabati la mbao lililokuwa kona ya duka, akalifungua, na nikaona ndani yake, chini ya rimu za karatasi, balbu ya wati 40 ikiwaka peke yake mchana ule. Akatoa karatasi chache, akazipepea mara mbili karibu na sikio lake, akasikiliza mlio. Akazipanga kwenye trei. Kopi ya cheti changu ikatoka nyeusi kama kaniki, na ukingo wa muhuri ukaonekana hadi nukta ya mwisho.

Hiyo ilikuwa masika, Kariakoo, kwenye uchochoro unaotokea Mtaa wa Uhuru. Nilikuwa nimekwenda kutoa kopi tatu tu. Nilikaa hadi adhana ya alasiri, na kwa miaka iliyofuata nilirudi tena na tena hata pale nisipokuwa na karatasi yoyote mkononi. Tunawasifu wachonga milango ya Zanzibar, na tunawasifu mafundi wa majahazi wanaojenga bila mchoro. Mimi naomba nafasi ya kumsifu fundi wa mashine ya fotokopi, kwa sababu kazi yake haikuwahi kupata wa kuisifu, na sasa imefika mahali ambapo hata wa kuikumbuka ni wa kutafuta.

Nimelelewa Njombe, kwenye baridi. Wakati wa kipupwe, bwenini, taa zikishazimwa, tulikuwa tukivua masweta gizani ili tuone cheche. Zilikuwa za buluu, ndogo, na zilitoa sauti kama ya kibanzi kikavu kinachovunjika. Mchana tulisugua kalamu za plastiki kwenye nywele tukaokota nazo vipande vya karatasi, na mwalimu wa fizikia akatuambia hiyo ndiyo umemetuli, akaandika ubaoni, tukanakili, tukasahau. Nilipohamia Dar es Salaam nilijaribu mchezo ule mbele ya binamu zangu wa Temeke, nikaaibika. Kalamu ilikuwa kalamu tu. Hewa ya pwani ilikuwa imeninyang'anya cheche zangu, wala sikujua ni kwa nini hadi Mzee aliponieleza, miaka mingi baadaye, akiwa amekalia ndoo iliyopinduliwa na mikono yake imefika viwikoni kwa weusi.

"Tona ni hiyo kalamu yako," alisema, "imesagwa."

Na kweli ni hivyo. Wengi huiita wino, lakini tone la maji halimo. Ni plastiki iliyochanganywa na masizi na kiasi cha nta, ikasagwa hadi chembe moja iwe na upana wa mikromita kama 5 hadi 10. Chembe kumi zikijipanga ndipo zinakaribia unene wa unywele. Kwenye mashine kubwa chembe hizi hazikai peke yake, zinakaa pamoja na punje za feraiti, jamii ya chuma, ambazo kila moja ni kubwa kuliko tona mara kadhaa. Mchanganyiko huo mafundi wanauita developa, na kwa uzito wake tona ni sehemu ndogo, mara nyingi kati ya 4 na 8 katika kila 100. Skrubu ndani ya boksi hukoroga bila kupumzika. Katika kukorogwa huko tona husuguana na punje, tona ikachukua chaji hasi, punje ikabaki na chaji chanya, zikang'ang'aniana. Ukiweza kuitazama punje moja kwa hadubini utaiona imevaa tona mwili mzima, kama kaimati iliyogaragazwa kwenye ufuta.

Kisha kuna rola yenye sumaku ndani yake. Punje zinapoifikia husimama, zikaungana minyororo midogo, zikawa nywele fupi zilizosisimka kama manyoya ya paka aliyeona mbwa. Ukingo wa chuma huzipunguza kimo, zote zikalingana. Na nywele hizo ndizo zinazoipitia dramu, zikiipapasa. Hakuna brashi laini kuliko hiyo, kwa sababu haina shina, inajijenga na kujibomoa kila inapozunguka. Hata neno dramu lenyewe limekuja kwetu na mashine, na ni heri hatukuliita ngoma. Ngoma hupigwa. Hii hata kidole hakitakiwi kuigusa.

Sehemu ya volti ndiyo iliyonishinda kwa muda mrefu, na ndiyo Mzee aliyoieleza vizuri kuliko kitabu chochote nilichopata kusoma. Alizaliwa Ifakara, kwenye mpunga. Akaniambia niifikirie dramu kama shamba la majaruba. Kwanza inajazwa chaji hasi mwili mzima, tuseme hadi volti 700. Huo ndio urefu wa ardhi yote. Leza inapita, na kila panapotakiwa herufi inachimba, ardhi inashuka hadi kama 100. Brashi yenye tona imewekwa katikati, tuseme 500. "Sasa tona ni maji," akasema. "Yako 500. Yatakwenda wapi?"

Nikasema yatashuka kwenye 100.

"Na pale penye 700?"

Hayawezi kupanda.

"Basi ndiyo kuchapa. Yaliyobaki ni tuta."

Tuta ni ile tofauti kati ya 500 na 700. Likiwa fupi mno, maji yanafurika, na karatasi nzima inapata ukungu wa kijivu pale ilipopaswa kuwa nyeupe. Likiwa refu mno, kinyume chake kinatokea. Punje za chuma, ambazo chaji yake ni chanya, zinavutwa na ardhi ile ya juu, zinaiacha brashi na kuishika dramu, zinakwenda kuikwaruza na kuacha vidoa. Fundi anaishi ndani ya tuta hilo maisha yake yote. Mzee alikuwa akigeuza skrubu moja ndogo kwa bisibisi, nyuzi chache tu, kwa kushikilia pumzi, halafu anatoa kopi ya utepe wake wa kijivu.

Huo utepe unastahili maneno yake. Ulikuwa kadi ndefu, yenye hatua kumi kutoka nyeupe hadi nyeusi, na aliuhifadhi kwenye bahasha ya kaki ndani ya droo iliyofungwa kwa ufunguo, kwa sababu jua likiupiga hatua zake hubadilika rangi. Alijifunza nao enzi za mashine ambazo taa ilipita chini ya kioo ikimulika karatasi yako. Kwake mashine iliyo sawa ni ile ambayo hatua ya kwanza ya kijivu inapotea, ya pili inaonekana kwa shida kama moshi wa jiko la jirani, na nyeusi ya mwisho haina tundu. Nilimuuliza kwa nini asimwambie kijana wake aangalie namba kwenye kipimo. Akaniambia kipimo anacho, lakini karatasi haisomwi na kipimo, inasomwa na mtu. Alikuwa akiipeleka kopi mlangoni, kwenye mwanga wa nje, akiitazama kwanza kwa mbali, kisha kwa karibu, kisha kwa kuinamisha kichwa. Sijaona mwingine akiitazama rangi ya kijivu kwa heshima ile.

Ajabu ni kwamba haya yote yalianza na mtu aliyechoka kunakili. Chester Carlson, aliyezaliwa Seattle mwaka 1906 na kukulia katika ufukara na ugonjwa wa wazazi, alifanya kazi katika idara ya hataza ya kampuni moja huko New York, ambako nakala hazikutosha kamwe. Jioni alisomea sheria, na kwa kuwa hakuwa na fedha za vitabu aliketi maktaba ya umma akinakili kurasa kwa mkono, mkono wenyewe ukimuuma kwa baridi yabisi. Tarehe 22 Oktoba 1938, katika chumba cha kupanga huko Astoria, yeye na mwanafizikia mkimbizi kutoka Austria, Otto Kornei, walichukua bamba la zinki lililopakwa salfa, wakalisugua kwa leso, wakaweka juu yake kioo kilichoandikwa tarehe na jina la mahali, wakalimulika kwa taa sekunde chache. Wakanyunyiza unga wa mmea wa laikopodia, wakapuliza. Tarehe ikabaki. Wakaibandua kwa karatasi ya nta.

Alikuwepo mwingine kabla yao, Lichtenberg wa Göttingen, ambaye mwaka 1777 aliona vumbi likijipanga nyota juu ya utomvu wenye chaji. Lakini ni leso ile ya Astoria ninayoifikiria. Ni ile ile kalamu yetu ya bwenini na nywele zetu. Makampuni zaidi ya 20 yalimkatalia Carlson. Taasisi ya Battelle huko Ohio ilimpokea mwaka 1944, na mashine ya kwanza ya ofisi ya aina hii iliyofanikiwa kweli, Xerox 914, ilitoka mwaka 1959, miaka 21 baada ya leso, ikiwa na uzito wa karibu kilo 300 na kutoa kopi 7 kwa dakika.

Mashine za kizazi kile hazikuwa na brashi ya sumaku. Developa ilimiminwa juu ya dramu kama maporomoko, punje zikabingirika na kuangusha tona zinapopita. Herufi zilitoka vizuri, maana nguvu ya umeme hujikusanya kwenye kingo. Lakini palipokuwa na weusi mpana, katikati palibaki pameparara. Ndani ya sanduku la marehemu baba yangu imo kopi ya namna hiyo, ya cheti chake cha shule, ambayo nembo yake imechorwa pembeni kwa weusi mzito na tumboni ni tupu. Nilidhani wakati ndio ulioila. Mzee aliigeuza mara moja tu akacheka kwa furaha, akaniambia hiyo haikuliwa na wakati, hivyo ndivyo ilivyozaliwa, na akaniomba ruhusa aishike muda kidogo.

Narudi kwenye balbu ya kabatini, kwa sababu ndiyo iliyonifungua macho. Adui wa kazi hii pwani ni hewa. Wakati wa masika unyevu unaiingia tona ikashindwa kushika chaji, kama kalamu yangu ya Temeke. Tona isiyo na chaji haing'ang'anii punje, inapeperuka, inachafua kila kitu ndani ya mashine na kulaza ukungu juu ya karatasi. Na karatasi nayo inakunywa maji. Karatasi mbichi inapitisha umeme, kwa hiyo ile chaji iliyowekwa mgongoni mwake ili ivute tona kutoka kwenye dramu inavuja kabla haijavuta. Ndiyo maana siku ile maandishi yalikuwapo kwenye dramu na hayakuwapo kwenye kopi. Mwingine angebadilisha katriji. Mzee alibadilisha karatasi. Balbu ile aliiwasha Machi na kuizima mwishoni mwa Juni, na bili ya umeme aliihesabu pamoja na gharama za kazi.

Dodoma ilimpa somo la upande wa pili. Ofisi za serikali zilipohamia huko, mashine nazo zilipakiwa kwenye malori zikahama, na muda si mrefu akaitwa. Mashine iliyochapa vizuri miaka yote Dar es Salaam ilikuwa inatoa kopi zilizofifia, na walikuwa wameshanunua katriji mbili mpya bila nafuu yoyote. Akafika mwezi wa Septemba, midomo ikampasuka siku ya kwanza. Akajua kabla ya kufungua begi. Katika ukavu ule tona inachajika kupita kiasi. Kila chembe inaing'ang'ania punje kwa nguvu, na zile chache zinazovuka zinakuwa na chaji kubwa hivi kwamba zinalijaza shimo kabla hazijawa nyingi. Volti imetosheka, jicho halijatosheka. Akaongeza tona kwenye developa kidogo kidogo, maana ikizidi wingi kila chembe inapata msuguano haba, akaisogeza volti ya brashi, akatoa kopi za utepe wake mchana kutwa. Jioni, kabla ya kuondoka, akaweka beseni la maji pembeni ya mashine na kumsihi mhudumu asiliache likauke. Aliniambia mhudumu yule, mama mtu mzima, ndiye pekee aliyemuuliza sababu.

Kuna jambo jingine alilokuwa akilifanya ambalo sijalisahau. Ndani ya mashine kuna ukingo wa mpira unaoifuta dramu baada ya kila kopi, mafundi wanauita bledi. Bledi mpya ikigusa dramu kavu inakwama, inapinduka, inapiga kelele ya kukwaruza meno. Mzee aliitia vumbi la tona kwanza, akilisambaza kwa ncha ya kidole urefu wote, kama mama anavyonyunyiza unga kwenye kibao kabla ya kusukuma chapati. Nilimwona akiifanya kazi hiyo na mteja amesimama akitikisa funguo za gari. Hakuharakisha.

Na kitambaa cheusi kilikuwa kipande cha buibui la marehemu mkewe, kimekunjwa maradufu na kushonwa pembeni kwa mkono. Dramu hula mwanga, ndiyo kazi yake. Ukiiacha wazi kwenye mwanga mkali inachoka, na uchovu ule utauona kwenye kila kopi itakayofuata. Kwa hiyo kila alipoichomoa, hata kwa dakika moja, aliifunika. Vitambaa vingine alijaribu, alisema, vyote vinapitisha.

Mashine za sasa zinajirekebisha zenyewe, nami sitadai kwamba zinafanya vibaya. Zinafanya vizuri, na kwa namna iliyonishangaza kuliko yote niliyoyataja hapa. Dramu inachakaa, ngozi yake inapungua unene, haijazi tena kama mwanzo. Punje zinazeeka, plastiki ya tona inajipaka juu yake hadi zinasahau kuchaji. Hewa inabadilika asubuhi na jioni. Basi kila inapowashwa, na tena baada ya kurasa nyingi, mashine inajipa mtihani. Bila karatasi yoyote kupita, inachora juu ya dramu yake, au juu ya mkanda, miraba midogo ya kijivu na nyeusi. Kihisi kinaipiga miraba hiyo kwa miale isiyoonekana na jicho na kupima kiasi kinachorudi. Mashine inalinganisha na kile inachokumbuka kuwa ndicho sawa. Imefifia? Inapandisha volti ya brashi, au inaiongezea leza nguvu, au inaruhusu tona zaidi idondoke. Kisha bledi inapita na kuifuta miraba yote.

Kihisi kingine kinakaa ndani ya developa na kupima wingi wa chuma, maana tona ikizidi chuma kinapungua kwenye nafasi ile ile. Lakini kihisi hiki kinadanganyika. Chaji ikipanda punje zinasukumana, unga unafura, chuma kinaonekana kidogo, na kihisi kinaapa kwamba tona imezidi ilhali haijazidi. Kwa hiyo hakiaminiwi peke yake. Husikilizwa pamoja na miraba, mashahidi wawili, kama kwenye shauri lolote la haki.

Nilipomweleza Mzee kwamba nimesoma habari za miraba, alinyamaza kidogo. Alikuwa akiijua kitambo. Akasema inamkumbusha ubao wa madrasa, Ifakara. Unaandika kwa wino wa masizi, mwalimu anakagua, anarekebisha, unakwenda kuuosha, na hakuna mtu mwingine duniani atakayeyaona maandishi yale. Akasema, "Mashine imejifunza adabu yetu." Sikujua kama alikuwa anaisifu au anaililia. Nafikiri yote mawili, maana utepe wake ndani ya bahasha ya kaki ulikuwa ni miraba ile ile, na kazi ya macho yake mlangoni ilikuwa ni kihisi kile kile, na sasa vyote viwili vilikuwa vimeingia ndani ya boksi na mlango ukafungwa.

Kinachoniuma si kwamba mashine imejua. Kinachoniuma ni kwamba ilipojua, sisi tuliacha kujua. Leo unaingia dukani, unaona kijana anaichukua tona ya kupima kwenye mfuko wa plastiki na kuimimina kwenye katriji yoyote iliyo mbele yake. Ukimuuliza ni ya mashine gani atakujibu tona ni tona. Lakini kila tona imepikwa kwa ajili ya wenzake. Ina kiasi chake cha kuchajika na joto lake la kuyeyukia. Ile inayohitaji moto mkali ukiichapa kwenye mashine ya moto mdogo itashika kwa juu juu, na cheti cha mtoto wako kitafutika ndani ya bahasha. Nimepokea wasifu wa waombaji kazi ambao majina yao yalibaki kidoleni mwangu. Nimeona hati ya kiwanja, kopi pekee iliyobaki katika familia moja, ikiwa imetandwa ukungu hivi kwamba tarakimu za mipaka zilikuwa ni za kubahatisha. Hakuna aliyeona ajabu. Kopi si ndiyo hiyo, wakasema.

Kopi si ndiyo hiyo. Mzee alikuwa akiichana. Aliichana kopi isiyofaa mbele ya mteja, akaitupa, hakuihesabu kwenye bei. Wateja waliokuwa na haraka walikasirika, wakahamia duka la jirani ambako mashine haikufunguliwa tangu inunuliwe. Kijana aliyekuwa akimfundisha alikaa naye mwaka mmoja na miezi, akajua kusoma namba za hitilafu kwenye skrini na kubadilisha kifaa kinachotajwa, akaona amehitimu. Hakufika kwenye utepe. Baadaye akanunua bodaboda. Mzee hakumlaumu, alisema tu kwamba kijana alikuwa na vidole vyepesi, na kwamba vidole vyepesi havipatikani kila siku.

Duka lile sasa linauza makava ya simu. Kabati la balbu lipo bado, limepakwa rangi ya waridi, linawekewa chaja. Mzee amerudi Ifakara na macho yake yameingia ukungu ambao yeye mwenyewe, nilipompigia simu, aliueleza kama fundi. Alisema tuta limekuwa fupi.

Mwezi uliopita ofisi ninayofanyia kazi iliiondoa mashine yake kubwa. Ilikuwa imetoa kopi zilizofifia kwa wiki mbili, na kwa kuwa imekwisha umri vitabuni hakuna aliyetaka ifunguliwe. Nilisema nipewe siku moja tu, niijaribu kwa karatasi kavu, nimwite mtu aitazame developa yake. Nikaambiwa mpya iko njiani. Nilipotoka kwa chakula cha mchana niliikuta uani, imelazwa ubavu juu ya saruji, mlango wake wa mbele umevunjika bawaba. Dramu ilikuwa imetokeza nusu. Jua la saa saba lilikuwa limeipiga moja kwa moja, na juu ya ile ngozi ya kijani, kama nilivyoona nilipoinama, kulikuwa na miraba mitatu midogo ya kijivu, iliyochorwa na haikuwahi kufutwa. Walikuwa wameuchomoa waya wakati inajipima.

Sikuwa na kitambaa cheusi. Nilivua koti nikaifunika, nikasimama pale hadi lori lilipofika.